Jibu kwa mleta mada: "Na sisi ni weusi, mbona lile neno haturuhusiwi?"

Mleta mada, nimeusoma uzi wako wote pamoja na michango, hata ya wale wanaotukanana tu. Kwa aliyeingia sasa hivi, kisa chenyewe ni hiki: ndugu yetu yuko Mwanza, mwezi wa kwanza anakwenda Marekani kusoma. Rafiki yake aliyemtangulia kule alimwita Mmarekani mweusi kwa lile neno linaloanza na N, tusi la zamani la wazungu kwa weusi, kwa nia ya urafiki kabisa, nusura wazichape. Sasa anauliza: weusi wa kule wanaitana hivyo asubuhi hadi jioni, nyimbo zao zimejaa hilo hilo, mzungu akilitamka anafukuzwa kazi, hapo tunaelewa. Je, sisi? Sisi si weusi? Tena weusi kuwashinda wao?

Mimi niko Houston, Texas, tangu 2001. Swali lako nililijibu kwa vitendo mwaka 2004, mbele ya watu sita, na nikapata sifuri. Ngoja nieleze. Ni ndefu, chukua chai.

Neno lenyewe sitaliandika. Mnalijua, mmelisikia kwenye muziki tangu wadogo. Asili yake ni Kilatini, neno la rangi nyeusi tu, likapita kwa Wahispania na Wareno, na kwa Waingereza waliohamia Marekani likageuka jina la binadamu anayeuzwa. Huko lina miisho miwili. La kwanza linaishia na "r" iliyokazwa, ndilo la mwenye mjeledi. La pili linaishia na "a", ndilo wanaloitana wenyewe. Sasa tazama balaa letu: ulimi wa Kiswahili hauna "r" ya mwisho. Kwetu dokta ni dokta, lita ni lita. Mpe Mswahili yale maneno mawili, atakutolea moja. Kwao ni makali na mgongo wa kisu kile kile; sisi tunaona kisu, tunashika popote.

Halafu kuna hili la utani, ambalo ndilo lililoniponza. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Vijana wa Bongo mnaiita Marekani Unyamwezini, na weusi wa kule Wanyamwezi. Na Mnyamwezi kwa Mzaramo ni mtani. Sisemi utani wa kuchekeshana ofisini. Nasema utani wenyewe, wa tangu enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi wanashuka na pembe za ndovu kwenda pwani wanapita kwetu. Bibi yangu alipofariki, mtani aliingia kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka alipwe, maana marehemu alikuwa mchoyo wa mihogo na sasa anakimbia madeni. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Angeyasema yale mtu mwingine yeyote, angezikwa yeye. Kwa hiyo habari ya kwamba tusi lina watu wenye kibali, hiyo sikufundishwa na Mmarekani, nimezaliwa nayo. Kosa langu lilikuwa kudhani kibali ninacho.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye ghala moja kubwa la kusambaza bidhaa, zamu ya usiku, na wengi wetu zamu hiyo ni weusi. Mapumziko ni nusu saa, na hiyo nusu saa ni dhumna. Huku Texas dhumna ni kama bao kwetu. Walishangaa kuona Mwafrika anazijua kete. Mimi nilizijua kete kabla sijajua kusoma, barazani kwa babu, na wa pwani mnajua dhumna ya barazani inachezwa na mdomo: unapigilia kete, unatukana ukoo, mchezo ukiisha mnakwenda kuswali pamoja.

Vijana wa pale waliitana lile neno kwa salamu, kwa mkato na kwa nukta. Miezi mitatu nasikia, sijaona aliyekasirika. Usiku huo tulikuwa wanne mezani na watatu wamesimama. Aliyenikabili ni mzee mmoja dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, miaka sitini na ushei, mtu wa Texas ya mashariki, kwenye misitu ya misonobari na viwanda vya mbao. Nimebakiza kete moja, sita-tano. Nikaipigilia mpaka vikombe vikaruka, nikamwambia, "Chukua hiyo," nikamalizia na lile neno.

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee alizilaza kete zake kifudifudi, moja baada ya nyingine. Zilikuwa tatu. Akavaa glavu. Akaenda kukaa juu ya foklifti yake, imezimwa, na mapumziko yalikuwa yamebaki dakika kumi na mbili. Nazijua kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama ila saa ya ukutani. Kijana wa pembeni yangu, ambaye usiku huo peke yake alikuwa ameniita lile neno labda mara ishirini, akaniambia taratibu, "Africa, mzee haitwi hivyo." Africa ndilo lilikuwa jina langu pale.

Wiki moja baadaye mvua ilinyesha za Houston zile, barabara inakuwa mto, basi halikuja. Mzee akasimamisha pikapu yake akanifungulia mlango. Tukaenda kimya mpaka barabara kuu. Kisha, macho mbele, akaanza habari za baba yake, aliyekuwa kibarua wa kiwanda cha mbao. Mtoto wa msimamizi, mvulana wa miaka kumi na minne, alikuwa akimwita baba yake lile neno, lenye "r". Siku akiamka vizuri anamwita "boi", yaani mvulana.

Hapo nilishtuka. "Boi" nalijua. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi kwenye shamba la mkonge Tanga, mtu mzima mwenye wajukuu, na kwa bwana wake Mgiriki jina lake lilikuwa "boi". Tumelichukua mpaka likawa Kiswahili. Baadaye nikajifunza kwamba mwaka 1968 wazoa taka weusi wa Memphis walipogoma, walitembea na mabango yaliyosema "Mimi ni mwanamume". Ukilisoma bango lile hujui habari ya "boi", utashangaa, kwani nani alibisha? Ni mgomo huo huo Martin Luther King aliokwenda kuuunga mkono, akapigwa risasi mjini humo.

Mzee akaendelea. "Wale vijana nikiwasikia, sipendi. Lakini najua wamelitoa wapi. Limo ndani ya nyumba zao, liliachwa na mtu aliyewapiga. Wewe ulilitoa wapi?"

Nilinyamaza kwa sababu jibu lilikuwa la aibu. Nililitoa kwenye banda la video, Temeke. Kiingilio shilingi hamsini, tumebanana kwenye mabenchi, bastola zinalia, na sisi tunarudi nyumbani tunaitana hivyo njia nzima tukijiona Wanyamwezi. Wao waliachiwa na mjeledi, mimi nililinunua kwa hamsini. Nilimwambia ukweli huo, na aliucheka, nashukuru.

Nilijaribu kumweleza utani, nikidhani nitajitetea. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na huyo mtani wako, na wewe unamtukana?" Nikasema ndiyo, sana tu. Akasema, "Basi si mambo yetu hayo." Na ni kweli. Utani una pande mbili, nakuchapa unanichapa, na nyuma yake kuna mapatano. Lile neno lilikwenda upande mmoja tu, miaka mamia, na hakuna la kulirudishia. Chochote utakachomwita mzungu hakimchomi vile. Walichofanya weusi wa Marekani ni kumpokonya mchapaji fimbo, wakaifanya mkongojo. Mkongojo huo umezoea mkono wa aliyechapwa. Ni jambo la ndani ya nyumba, kama mama anavyomwita mwanawe "zigo langu hili". Jirani akisema hivyo huyo mtoto ni zigo, kutakuwa na kesi kwa mjumbe.

Ila msidhani ndani ya nyumba wamekubaliana. Julai 2007 chama chao kikongwe cha kutetea haki, NAACP, kilikuwa na mkutano Detroit, wakalifanyia lile neno mazishi. Mazishi kabisa: jeneza la msonobari, farasi wanalivuta, watu wanaandamana nyuma. Tulilizungumza ghalani kwenye dhumna. Nikawaambia kwetu maziko bila mtani hayakamiliki. Mzee akasema, "Ndiyo maana halikufa." Vijana walikuwa wanaendelea kuitana palepale, jeneza halijafika makaburini.

Na kuna kisa kimoja kinatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki, sijui kwa nini hatukisimulii. Richard Pryor, mchekeshaji Mmarekani mweusi aliyejulikana kwa kulitumia lile neno jukwaani, mpaka albamu yake ya 1974 imelibeba kwenye jina, alisafiri Kenya mwaka 1979. Alisimulia mwenyewe baadaye, kwenye filamu yake ya 1982, kwamba akiwa amekaa hotelini Nairobi akitazama watu wanavyopita, aligundua siku zote alizokaa pale lile neno halikumjia hata mara moja, kwa sababu aliowaona hawakuwa hivyo. Aliwaona watu, basi. Aliporudi akaapa kutolitumia tena. Mimi huwa nawaambia wanangu: Pryor alilitupa Nairobi, vijana wetu wakapita nyuma yake wakaliokota.

Turudi kwangu. Mwaka 2008 nipo kituo cha mafuta nje ya mji, natia upepo tairi. Mzungu mmoja kwenye gari anataka nimpishe, sikumsikia. Akashusha kioo akaniita. Miaka saba Marekani, ndiyo mara ya kwanza nikaisikia ile "r", na nakuhakikishia, siku ukilengwa nayo utaitofautisha hata kama ulimi wako ni wa Kizaramo. Sikumjibu. Nilimaliza matairi yote manne, wakati lililohitaji upepo lilikuwa moja. Nadhani nilikuwa nasubiri mikono iache kutetemeka.

Nilimsimulia mzee. Hakusema pole. Alisema, "Sasa na wewe unalo." Nikamuuliza, nusu kwa mzaha, kwa hiyo sasa naruhusiwa? Akafikiri, akauliza, "Unataka ulifanyie nini?"

Mleta mada, jibu hilo swali kabla ya lako. Mimi mpaka leo sijapata cha kulifanyia. Yule mwenye gari hakuniuliza kama ni Mzaramo au wa Mississippi, kwake wote kundi moja. Upande wa kupigwa, kibali hakiulizwi. Kwa hiyo wanaosema hapa "hayatuhusu, hiyo ni historia yao" wamekosea. Yanatuhusu sana. Lakini kuitwa mara moja kwenye pampu ya upepo si sawa na mtu ambaye babu wa babu yake aliandikwa hivyo kwenye daftari la mali pamoja na ng'ombe.

Kuna mchangiaji ameandika kwamba neno ni neno tu, uzito tunaupa wenyewe. Mkuu, nenda Johannesburg ukamwite mtu "kafiri". Neno ni letu hilo, la Kiarabu, liko kwenye Kiswahili, msikitini tunalitumia kila Ijumaa na halina habari na rangi ya mtu. Lilisafiri na mabaharia na wafanyabiashara mpaka kusini, Wareno wakalichukua, makaburu wakalifanya rungu. Mwaka 2018 mwanamke mmoja mzungu kule alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, mmoja ukiwa wa nje, kwa kulitamka mara 48 mbele ya askari mweusi na kwa wapokea simu wa polisi. Jamaa yangu aliyeishi Durban ananiambia Waislamu wa Kitanzania kule wamejifunza kusema "asiyeamini". Neno ni lile lile, ila ukivuka mpaka linakuwa na damu.

Mwingine ameandika kwamba weusi kwa weusi hakuna kesi. Zipo. Mwaka 2013, mahakama ya shirikisho New York, mwajiri mmoja wa East Harlem mwenye asili ya Kiafrika na ya Puerto Rico alimpigia mfanyakazi wake, mwanamke mweusi, lile neno mara kwa mara katika kumkaripia. Akajitetea kwamba mitaa aliyokulia, neno hilo laweza kuwa la upendo. Baraza la wazee wa mahakama likampa yule mama dola 250,000 za fidia na 30,000 za adhabu. Upendo wa dola 280,000. Mimi hili nalielewa: mwenye kukulipa mshahara keshaondoka upande wa waliochapwa, kwa saa zile za kazi. Mkongojo mkononi mwa bosi unarudi kuwa fimbo.

Sheria lakini haina akili ya kutofautisha, na hapo ndipo penye utamu. Kulikuwa na bendi ya Wamarekani wenye asili ya Asia, kutoka Portland, Oregon, walijiita The Slants, tusi la macho ya kupinda wanalotukanwa nalo Waasia. Walilibeba makusudi. Serikali ikakataa kulisajili jina, ikisema linadhalilisha Waasia. Yaani Waasia wenyewe wanaambiwa wanajidhalilisha. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwezi Juni 2017 majaji wote walioisikiliza wakawapa ushindi. Nilifurahi mpaka niliposoma nani mwingine kafurahi: timu ya mpira wa Kimarekani ya Washington, iliyokuwa inaitwa Redskins, "Ngozi Nyekundu", tusi kwa wenyeji Wahindi Wekundu. Alama zao zilikuwa zimefutwa kwa kifungu kile kile. Mlango ukafunguliwa, aliyetukanwa akaingia, na mtukanaji akapita naye kwapani. Timu ilikuja kuliacha jina mwaka 2020 kwa kubanwa na wadhamini na kelele za watu, mahakama haikuhusika. Ndiyo maana siulizi sheria inasemaje juu ya nani aseme nini. Sheria inakwambia kama utafungwa. Haikwambii kama mzee atalaza kete kifudifudi.

Sasa niwape kilichonifungua macho kuliko vyote, na humu lile neno halimo kabisa.

Mke wangu na binti yetu walikuja 2006. Mtoto ana miaka minane, Kiingereza hana. Watoto wa darasani kwake, weusi wenzake, wakampa jina. Kuna tusi moja wanawapa Waafrika huku, nikilitafsiri ni kama "Mwafrika mkuna matako". Limetokana na picha za televisheni, watoto uchi wana nzi. Jioni mezani akaniuliza, baba, haya maneno maana yake nini? Akayatamka vizuri kabisa, mtoto ana sikio. Mimi, badala ya kusema kweli, nikasema wanakuuliza kama umetoka Afrika.

Kesho yake walipomwita, akajibu, "Ndiyo, ndiyo mimi." Kwa wiki nzima. Nililijua hilo akiwa na miaka kumi na tisa, alinisimulia akicheka, na nilitoka nje kidogo.

Alipofika chuo akapata kundi lake: Mnaijeria, Mghana, Mkenya wa Eldoret, Mkongo wa Bukavu. Wote walikuwa wameitwa hivyo utotoni. Na wao kwa wao ndilo jina lao. Kundi lao la WhatsApp linaitwa hivyo. Mmoja akichelewa, anapokelewa na hilo. Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mama yao hapendi, mimi nilikuwa nimezoea.

Jumapili moja wamejaa kwangu, pilau. Alikuwepo na binti mmoja Mmarekani mweusi, rafiki yao, mtoto mzuri, mwenye adabu, ndiye aliyemsaidia mke wangu kukata kachumbari. Binti yangu akaangusha kijiko, akainama. Yule rafiki akacheka, akamwita lile jina.

Nilikuwa jikoni na mwiko mkononi. Sikuona, nilisikia jinsi kelele zilivyokatika. Nilipochungulia, binti yangu bado alikuwa ametabasamu, ila lile tabasamu lilikuwa limebaki mdomoni peke yake. Akasema, "Hilo sisi hatukulitunga. Mlitupa ninyi." Hakupandisha sauti. Na yule mtoto, masikini, machozi yanamlenga, anatazama huku na huku, akasema, "Kwani sisi sote si weusi?"

Mleta mada, unalisikia swali lako?

Nilijikuta nimewaza kete tatu kifudifudi. Yule binti hakuwa amemtukana mtu darasa la tatu, pengine hakuwa amezaliwa mtaa ule. Mimi pia sikumfunga mtu minyororo. Rangi yetu moja. Lakini mezani pale ngozi haikuwa na la kusema, kilichohesabiwa ni nani alikuwa upande gani siku neno lilipokuwa linauma. Walimalizana wenyewe, wali ukaliwa, ni marafiki mpaka leo, na yule binti hajawahi kulirudia. Hakuna aliyemkataza. Na hapo tena nikaona kitu: walikuwa wanalitumia mbele yake kila siku, kwa nini yeye asidhani ni la wote? Hilo nalo lina ukweli wake. Kendrick Lamar, rapa Mmarekani mweusi, mwaka 2018 alimpandisha jukwaani binti wa kizungu kule Alabama aimbe naye wimbo uliojaa lile neno, binti akauimba ulivyo, Lamar akasimamisha muziki. Watu waligawanyika. Mimi nilimhurumia yule binti na bado nikaona alipaswa kuruka zile silabi mbili. Yote mawili, sichagui.

Mwanangu wa pili kazaliwa hapahapa Houston, 2009. Huyu analisema, na wenzake, nimelisikia kupitia mlango wa chumba. Nimgombeze kwa hoja gani? Polisi akimsimamisha usiku hatamuuliza Kisarawe iko wapi. Kakulia humo, marafiki zake ni wajukuu wa wazee kama yule mzee wangu. Nimemwambia mezani kwangu hapana, na mbele ya mtu mzima hapana, huko nje ana kichwa chake. Juzi akaja na jipya: kuna rafiki yake Mvietnamu "amempa pasi" ya kulitumia. Nikamuuliza, pasi? Wewe ni serikali ya mtaa? Muhuri umeuweka wapi? Akasema ni mambo ya vijana. Nikamwambia basi siku huyo Mvietnamu akikutana na babu wa mtu, amwonyeshe hiyo pasi yenye sahihi ya mtoto wa Mzaramo.

Kwa upande wako: rap yako unayoirekodi Mwanza, ulituuliza ule mstari wenye lile neno uutoe au uuache. Nitoe maoni yangu bila kuzunguka: utoe. Kwanza kwa Kiswahili haukai, unasikika umeazima kiatu. Pili, tuna yetu. Tuliitwa washenzi, tuliitwa boi, sasa tunaambiana "Mswahili ni Mswahili tu" tukichelewa mkutano, na ole wake mgeni atakayetusaidia kulisema. Hapo una albamu nzima.

Na ukifika kule, miezi ya kwanza watu watakuita lile neno kwa mapenzi. Itika, usilirudishe. Hakuna atakayekuona mshamba. Wataona tu umetulia. Ukikuta wanacheza dhumna, omba nafasi. Ukishinda, pigilia kete mpaka vikombe viruke, halafu funga mdomo. Na ukipita Houston nitafute kwa ujumbe wa faragha, kete ninazo, zile zile za ghalani. Mzee aliniachia alipostaafu.